Mnyama Akilegea Ghafla: Damu, Mshtuko na Kazi ya Dripu

Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu alikuwa akirukaruka kwenye ngazi za ploti jana. Leo asubuhi amekataa chakula na kutapika mara nne. Mchana ameanza kuhara kinyesi chenye damu. Jioni amelala ubavu, masikio baridi, hata jina lake likiitwa hageuki. Jirani mmoja anashauri anyweshwe maziwa, mwingine yai bichi, wa tatu anajua duka linalouza chupa za dripu. Kufikia alfajiri amekufa.

Kisa cha namna hii si kigeni kwa wafugaji wa Umoja, Kayole, Dandora, Buruburu, Huruma na mitaa mingine ya Eastlands. Mara nyingi chanzo chake ni kirusi cha parvo. Hata hivyo, kinachomwua mtoto wa mbwa katika saa zile za mwisho kwa kawaida ni damu kushindwa kuzunguka mwilini. Hali hiyo madaktari wa mifugo huiita mshtuko. Huweza kumpata pia mbwa aliyegongwa na matatu kwenye Outering Road, mbuzi aliyekula mabaki ya ugali kupita kiasi, ndama anayehara huko Ruai au paka aliyeanguka kutoka ghorofani. Mara nyingi mnyama aliye katika hali hiyo anaweza kuokolewa, iwapo mwenye mnyama atazitambua dalili mapema na kuelewa dripu inafanya kazi gani, na ni kazi gani haiwezi.

Mshtuko ni nini?

Katika mazungumzo ya kawaida, kushtuka ni kupata hofu ya ghafla. Katika tiba neno hili lina maana nyingine: damu inayofika kwenye viungo haitoshi kuvipa hewa ya oksijeni na chakula vinavyohitaji. Mnyama aliye katika mshtuko huenda asiogope chochote. Huenda akalala kimya kabisa, na kimya hicho ndicho cha kuhofiwa.

Mkazi wa ghorofa ya tano anaweza kulielewa jambo hili kwa kufikiria maji ya ploti yake. Ili mfereji wake utoe maji, mambo manne yanahitajika. Lazima tangi la chini liwe na maji, pampu iyasukume, mabomba yawe na presha, na pasiwe na vali iliyofungwa njiani. Moyo ndio pampu, mishipa ndiyo mabomba, na damu ndiyo maji yenyewe. Mzunguko wa damu huharibika kwa njia hizo hizo nne.

Njia ya kwanza ni tangi kupungua. Mnyama amepoteza damu kwa jeraha, au amepoteza maji kwa kutapika na kuhara. Hii ndiyo aina ya mshtuko inayoonekana mara nyingi zaidi.

Ya pili ni pampu kuchoka. Moyo wenyewe ni mgonjwa na hausukumi vya kutosha, kama inavyotokea kwa baadhi ya mbwa wazee.

Ya tatu ni mabomba kutanuka yote kwa wakati mmoja, kana kwamba kila mpangaji amefungua mfereji wake. Maji yapo ila presha imeanguka. Hali hii huletwa na maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu, au na mzio mkali, kwa mfano baada ya mbwa kuumwa na nyuki wengi.

Ya nne ni njia kuzibwa. Tumbo la mbuzi likijaa gesi, au tumbo la mbwa mkubwa likivimba na kujisokota, hugandamiza mishipa mikubwa na damu hairudi kwenye moyo.

Mara nyingi njia hizi huungana. Parvo, kwa mfano, hupunguza maji mwilini na pia huharibu ukuta wa utumbo, hata vijidudu vya utumboni vikapenya na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana huua upesi.

Mwili hujitetea kwanza

Mwili haukubali kushindwa mara moja. Presha inapoanza kushuka, moyo huongeza kasi. Mishipa ya ngozi, ya miguu na ya utumbo hubanwa ili damu kidogo iliyobaki ipelekwe kwenye ubongo na moyo. Ni kama msimamizi wa ploti anayefunga maji ya ghorofa za chini ili kuwe na presha ya kufika juu.

Utetezi huu ndio unaotoa dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuziona nyumbani. Fizi hupauka kwa sababu damu imeondolewa hapo. Masikio na nyayo hupoa kwa sababu hiyo hiyo. Mkojo hupungua kwa kuwa figo nazo zimepunguziwa damu. Mapigo huenda mbio.

Utetezi huo una kikomo chake. Viungo vilivyonyimwa damu kwa saa nyingi huanza kufa, na vikishafika hapo, hata dripu ikirudisha presha huenda mnyama asipone. Kwa hiyo muda wa kuokoa mnyama huhesabiwa kwa saa, na akiwa anavuja damu huhesabiwa kwa dakika.

Udogo wa mwili nao huongeza hatari. Mbwa ana takriban mililita 85 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mbwa wa kilo 20 ana kama lita 1.7. Mtoto wa mbwa wa kilo 3 ana takriban mililita 250 tu, sawa na kikombe kimoja cha chai. Damu inayoonekana kidogo sakafuni inaweza kuwa sehemu kubwa ya damu yote aliyo nayo.

Uchunguzi wa dakika mbili nyumbani

Hakuna kifaa kinachohitajika isipokuwa vidole na saa ya simu.

• Fizi. Mdomo wa juu uinuliwe na rangi itazamwe. Fizi za mbwa mzima wa afya huwa za waridi na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe, za kijivu, za bluu, au nyekundu kama tofali, kuna hatari. Kwa wanyama wenye fizi nyeusi kwa asili, sehemu ya ndani ya kope la chini inaweza kutazamwa badala yake.

• Kurudi kwa damu. Ufizi ubonyezwe kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha uachiliwe. Rangi inapaswa kurudi kabla ya sekunde 2 kupita. Ikichelewa zaidi, damu haizunguki vizuri.

• Mapigo. Kiganja kiwekwe kifuani nyuma ya kiwiko cha kushoto, au vidole ndani ya paja, na mapigo yahesabiwe kwa sekunde 15 kisha yazidishwe kwa 4. Mbwa mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 140 kwa dakika. Wadogo wa umbo huwa karibu na 140 na wakubwa karibu na 60. Watoto wa mbwa huwa na mapigo mengi zaidi ya hayo. Mbuzi mzima huwa na 70 hadi 90. Mapigo ya haraka na dhaifu, yanayopotea chini ya kidole, ni dalili mbaya.

• Ngozi na macho. Ngozi ya mabegani ivutwe juu kidogo kisha iachiliwe. Ikibaki imesimama, au macho yakiwa yamezama, mnyama amepoteza maji mengi.

• Joto na fahamu. Masikio na nyayo baridi, pamoja na mnyama asiyeitika wala kusimama, ni dalili za hatua ya mwisho.

Paka ni tofauti kidogo. Akiwa katika mshtuko, mapigo yake huweza kupungua badala ya kuongezeka, na mwili wake hupoa upesi. Paka baridi aliyelegea asifikiriwe kuwa amelala tu.

Kabla ya yote, usalama wa watu uzingatiwe. Mbwa mwenye maumivu huweza kumwuma hata bwana wake. Zaidi ya hayo, mbwa anayetokwa na mate, anayeshindwa kumeza au aliyebadilika tabia ghafla huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo asiguswe mdomoni. Afungiwe mahali na ripoti itolewe kwa afisa wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Dripu hufanya nini hasa?

Mwaka 1832, wakati wa janga la kipindupindu, daktari wa Scotland aliyeitwa Thomas Latta aliwatia wagonjwa maji yenye chumvi moja kwa moja kwenye mshipa. Baadhi yao waliokuwa wakikaribia kufa waliamka na kuzungumza. Miaka hamsini baadaye, Sydney Ringer wa London aligundua, kwa kutumia mioyo ya vyura, kwamba maji na chumvi ya kawaida havitoshi: moyo huhitaji pia kalsiamu na potasiamu kwa vipimo maalumu. Chupa za dripu za Ringer zinazotumika leo kwa watu na wanyama zimebeba jina lake.

Funzo la Ringer ndilo linaloeleza kwa nini maji ya mfereji hayawezi kutiwa kwenye mshipa. Chembe za damu zikikutana na maji matupu huyanyonya, huvimba na kupasuka. Dripu ina chumvi kwa kiwango kinacholingana na cha damu ili chembe zibaki salama.

Ndani ya mshipa, dripu hujaza tangi. Moyo ukipata maji ya kusukuma, presha hupanda na viungo hupata damu tena. Lakini maji hayo hayakai yote kwenye mishipa. Baada ya saa moja hivi, sehemu kubwa huwa imepenya kwenda kwenye nyama za mwili. Ndiyo maana daktari humpima mnyama tena na tena.

Daktari naye hafanyi kazi kwa kukisia. Akiwa na mbwa aliye katika mshtuko wa kupoteza maji, kwa kawaida hutoa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa muda wa dakika 15 hadi 20, kisha hutazama upya fizi, mapigo na pumzi kabla ya kuamua kuongeza. Presha ikisharudi, huhesabu upungufu uliobaki. Mtoto wa mbwa wa kilo 4 aliyepoteza maji ya asilimia 8 ya uzito wake anadaiwa mililita 320. Juu ya hizo kuna maji ya kawaida ya kila siku, na yale anayoendelea kuyatapika na kuyaharisha. Deni hilo hulipwa polepole, kwa kawaida kwa saa 12 hadi 24. Hii ndiyo sababu mnyama hulazwa usiku kucha, na ndiyo sababu sindano moja ya maji mlangoni haitoshi.

Kwa nini dripu inaweza pia kuua

Tangi lililokauka linahitaji maji. Lakini kama pampu ndiyo mbovu, kuongeza maji kutafurisha mabomba tu. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo akitiwa dripu nyingi, maji hujaa kwenye mapafu na akashindwa kupumua. Mbuzi aliyevimba tumbo kwa gesi hawezi kupona kwa dripu peke yake. Gesi lazima itolewe. Mnyama mwenye mzio mkali anahitaji dawa ya kubana mishipa tena. Anayevuja damu nyingi anahitaji damu izuiwe, na wakati mwingine aongezewe damu ya mnyama mwenzake.

Hatari ya maji mengi ilionekana wazi katika tiba ya binadamu hapa hapa Afrika Mashariki. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 uliwahusu watoto zaidi ya 3,000 waliolazwa wakiwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliotiwa dripu nyingi kwa haraka walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakutiwa hivyo: takriban 10 kati ya kila 100, ikilinganishwa na 7 kati ya kila 100, ndani ya saa 48. Watoto waliokuwa wakiharisha hawakujumuishwa, kwa sababu hao walihitaji kurudishiwa maji waliyopoteza. Mwili wa mbwa si wa mtoto, lakini tahadhari ni ile ile: dripu ni dawa, ina kipimo, na chanzo cha mshtuko lazima kijulikane.

Tena si kila chupa inayoning'inizwa ni dripu ya mshtuko. Chupa ya sukari pekee haikai kwenye mishipa vya kutosha kuinua presha. Chupa ya kalsiamu, wanayoijua wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ikiingizwa kwenye mshipa kwa haraka inaweza kuusimamisha moyo pale pale.

Wengine hutia dripu chini ya ngozi kwa sababu mshipa ni mgumu kuupata. Njia hiyo hutumiwa na madaktari kwa mnyama aliyepungukiwa maji kidogo. Kwa mnyama aliye katika mshtuko haifai, kwa kuwa mishipa ya ngozi tayari imefungwa; maji hubaki hapo kama uvimbe na hayafiki kwenye moyo. Kwa watoto wa mbwa ambao mishipa yao imelala kabisa, daktari anaweza kupitisha maji ndani ya mfupa, lakini hiyo ni kazi ya aliyesomea.

Maji ya kunywa yanapotosha

Ndama au mtoto wa mbuzi anayehara lakini bado anasimama na kunyonya anaweza kusaidiwa kwa mdomo. Maduka ya dawa za mifugo huuza pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji safi. Ndama wa kilo 40 huhitaji kama lita 2 kila mara, mara mbili au tatu kwa siku, kati ya nyakati za maziwa. Maziwa yasikatizwe kwa muda mrefu, kwani maji ya chumvi na sukari hayampi nguvu ya kutosha. Akiacha kunyonya, akilala au akipoa mdomo, huo ni wakati wa dripu.

Mnyama asiyeweza kuinua kichwa asinyweshwe kitu chochote kwa nguvu. Maji, maziwa au yai huingia kwenye mapafu na kummaliza. Mtoto wa mbwa anayetapika mfululizo naye hafaidiki na kinywaji, kwa kuwa kila kinachoingia hutoka na kingine.

Kabla ya kufika kwa daktari

1. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi bila kufunuafunua kwa dakika 5 hadi 10.

2. Mnyama abebwe juu ya ubao au blanketi lililovutwa sawasawa, hasa aliyegongwa na gari, bila kupindwa mgongo.

3. Afunikwe kwa blanketi. Chupa ya maji moto isiwekwe moja kwa moja kwenye ngozi. Ngozi isiyo na damu ya kutosha huungua upesi.

4. Asipewe dawa za maumivu za watu. Parasetamoli huua paka, na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa.

5. Daktari apigiwe simu kabla ya safari, ili ajulishwe uzito wa mnyama, dalili zilipoanza na alichokula. Foleni ya Jogoo Road inaweza kumaliza saa nzima. Ni heri kujua mapema kama kliniki iko wazi.

Mwenye mnyama ana haki ya kuuliza kama anayemtibu amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011. Mbali na kliniki za mitaani na maafisa wa mifugo wa kaunti ndogo, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama katika kampasi yake ya Kabete. Namba ya simu ya daktari aliye karibu ni vyema iandikwe leo, wanyama wakiwa wazima.

Kinga ni nafuu kuliko dripu

Mtoto wa mbwa aanze chanjo ya parvo akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha arudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Chanjo moja tu haitoshi, kwa sababu kinga aliyopata kwa mama yake huweza kuizuia isifanye kazi. Kirusi hiki hudumu ardhini kwa miezi mingi. Nyumba ambayo mtoto wa mbwa amekufa kwa parvo isafishwe kwa dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa 30 vya maji, na mtoto mwingine asiletwe kabla hajakamilisha chanjo.

Mbuzi wasipewe ghafla mabaki mengi ya ugali, mkate au unga kutoka hotelini. Wanga ule huchacha tumboni, hutoa asidi na kuvuta maji kutoka kwenye damu, na mbuzi huweza kuingia katika mshtuko hata kabla ya kuanza kuhara.

Mwisho, mbuzi au ng'ombe aliyekufa ghafla, hasa akiwa anatokwa na damu puani au mkunduni, asichinjwe, asipasuliwe wala nyama yake isiuzwe. Huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua watu pia. Afisa wa mifugo aitwe kwanza.

Mkazi anayefuga anaweza kuanza na zoezi dogo jioni hii: kuinua mdomo wa mbwa wake mzima, kutazama rangi ya fizi, kuzibonyeza na kuhesabu. Anayeijua rangi ya uzima ataitambua ya hatari siku itakapokuja.